Balozi wa kichwa au balozi wa posho? Kabla hujakubali kutangaza nafasi za fildi chuoni Mwanza

Kuanzia mwezi wa nne hivi, vyuo vya Mwanza huanza kupata wageni wenye mabango ya kukunjua na fulana za bure. Wanatafuta mabalozi, yaani wanafunzi wa kuwatangazia programu zao za mafunzo kwa vitendo na utarajali kabla watu hawajatawanyika kwenda fildi mwezi wa saba. Malimbe watapita, Nyegezi watapita, CBE na Bugando vilevile. Ofa zao, ukiziondolea maneno mazuri, ni mbili. Ya kwanza, unalipwa kwa kila mwanafunzi uliyemleta, kwa kichwa. Ya pili, unapewa posho maalum kila mwezi, uwe umeleta wengi au wachache. Ipo na ya tatu, ya cheti na fulana tu, ila hiyo haina mengi ya kusema.

Msimamo wangu nautoa mapema: kama ni kuchagua, chukua posho, hata kama jumla yake ni ndogo. Sisemi kwamba kampuni za posho zina roho nzuri kuliko nyingine. Ninachoangalia ni kauli moja ambayo balozi wa posho anaitamka bila kupoteza kitu, na balozi wa kichwa kila akiitamka anajikata mfukoni: "Hii haikufai, jaribu kwingine."

Tuweke sawa kwanza kazi yenyewe. Balozi ni mtu wa taarifa. Anajua programu inamchukua nani, ni ya muda gani, ofisi iko wapi, kama kuna posho au hakuna, mwisho wa maombi ni lini na maombi yanatumwa wapi. Hayo hata bango linayasema. Balozi anaongeza yale ambayo ofisa aliyekaa Dar es Salaam hayajui: kwamba mtu wa mwaka wa pili uhasibu anahitaji mahali patakapomsainia logibuku, daftari la kazi zake za fildi, kila wiki, kwamba msimamizi wa chuo atapita kumwona kwa hiyo akipelekwa kisiwani Ukerewe ni lazima chuo kijue mapema, kwamba asiye na ndugu mjini ataanza na swali la chumba kabla ya swali la kazi. Balozi mzuri pia anarudisha maneno kule yalikotoka. Akiona kila mtu anauliza malazi, anawaambia wenye programu kwamba tangazo lao lina pengo.

Kazi hiyo ina mwisho. Balozi hachagui nani apate. Haahidi nafasi wala ajira. Hakusanyi vyeti vya watu. Hapokei hela. Wenye ofa zote mbili ukiwauliza watakubaliana na mipaka hii, maana kwenye karatasi hakuna anayeibishia. Tofauti iko kwenye kile kinachokusukuma uivuke.

Tuanze na hesabu, kwa mfano wa kubuni. Kampuni moja inakupa 5,000 kwa kichwa. Nyingine inakupa 60,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, jumla 180,000. Kuifikia hiyo kwa kichwa unahitaji watu 36, na ukiangalia ukumbi wa mhadhara uliojaa unaona 36 ni kitu cha jioni moja. Hapo ndipo wengi wanaposaini.

Sasa uliza kichwa kinahesabika lini. Mtu akijaza fomu? Akikubaliwa? Akiripoti siku ya kwanza? Akimaliza? Mkataba wa aina hii unaweza kusema unalipwa pale tu mtu anaporipoti, na kwa Mwanza neno hilo linabadilisha kila kitu. Wanafunzi wa hapa wengi wanatoka mikoa ya jirani: Kagera, Mara, Simiyu, Geita, Shinyanga. Likija suala la fildi wanaangalia bumu, yaani hela ya mkopo wa kujikimu, wanaangalia kodi ya chumba, kisha wanafanya uamuzi wa busara kabisa wa kurudi nyumbani na kuombea halmashauri ya kwao, ambako wanakula na kulala bure. Kwa hiyo watu mia wanaweza kujaza fomu yako mwezi wa tano, na mwezi wa saba wako Musoma na Bariadi. Wewe umetumia bando lako, nauli yako ya kuzunguka, na jioni zako za kujisomea, na huna cha kuhesabu.

Kufikia hapo unabaki na wiki mbili na lengo ambalo hujalifikia. Ndipo mtu anapoanza kumwambia dada wa ugavi kwamba "huko wanachukua sana watu baada ya fildi", jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Si lazima awe tapeli. Ni mtu wa kawaida aliyewekewa bei kwenye kila jibu la "ndiyo".

Ona jinsi programu ileile inavyotangazwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Huyu analipwa kwa kichwa:

"Wakuu habari za jioni. Nafasi za fildi migodini na viwanda vya samaki ZIMETOKA!! Posho nono, ajira baada ya fildi. Nafasi 15 TU, mwisho kesho saa sita usiku. Nicheki inboksi fasta, usije ukalia baadaye."

Na huyu ana posho maalum:

"Habari zenu. Mimi ni balozi wa programu hii, wananilipa posho kuitangaza. Wanachukua mwaka wa pili na wa tatu: uhasibu, ugavi, TEHAMA. Wiki nane, ofisi iko Ilemela. Posho kwa wanafunzi hakuna, nauli inarudishwa mwisho wa mwezi ukileta mchanganuo. Ajira baadaye hawajaahidi. Unaomba mwenyewe kwa barua pepe iliyo kwenye tangazo, ambatanisha barua ya utambulisho ya chuo. Mimi sipokei maombi wala hela."

Tangazo la pili halina mvuto, na huyo balozi ataulizwa "kwa hiyo posho hakuna kabisa?" mpaka achoke. Ila watakaoomba baada ya kulisoma ni wale watakaoripoti. La kwanza limevuka mipaka mara mbili kwenye mistari michache: ajira imeahidiwa na mtu asiye na ajira ya kutoa, na maombi yamegeuzwa kuwa siri ya inboksi. Ukiona "nicheki inboksi" mahali ambapo barua pepe ya ofisi ingetosha, jiulize kwa nini mlango wa mbele haukutosha.

Kuna sentensi ambayo nadhani inabeba tangazo zima la pili: "wananilipa posho kuitangaza." Dalali wa samaki pale Mwaloni Kirumba anakula chake kwenye kila mzigo na hakuna asiyejua, mnunuzi anamsikiliza huku akijua maneno yake yana bei. Balozi wa chuoni anaongea kwa sura ya rafiki, jirani wa chumba, mtu mliyekaa naye kwenye kazi ya kikundi. Asiposema kwamba analipwa, mwenzake anauchukua ushauri wake kama ushauri wa bure. Balozi wa posho hana shida kulisema hilo. Balozi wa kichwa akilisema kwa ukamilifu inabidi iwe "nikikuingiza wewe napata 5,000", na sijui wangapi wanaweza kuyatamka hayo mbele ya roommate, lakini nadhani ni wachache.

Marekani waliligusa jambo hili upande wa udahili. Tangu 1992 sheria yao ya elimu ya juu inavikataza vyuo vinavyopokea fedha za misaada ya wanafunzi kutoka serikali kuu kuwalipa wadahili kamisheni au bonasi kwa idadi ya watu waliowaandikisha. Waliona anayelipwa kwa kichwa anaandikisha yeyote, anayefaa na asiyefaa. Sheria hiyo ni yao, inahusu vyuo na haigusi fildi yetu, ila mchezo unaofanana unaonekana waziwazi.

Sasa hela, maana hapa ndipo ofa ya kichwa inapoweza kukuharibia jina. Ukiambiwa 5,000 kwa kichwa, uliza swali hili kabla ya mengine yote: hiyo 5,000 inatoka mfuko gani? Kama inatoka kwa kampuni inayohitaji watarajali, sawa, tunaweza kuzungumza. Kama mwanafunzi anatozwa 20,000 ya "fomu" au "usajili" na wewe unabaki na 5,000, basi wewe si balozi, ni mkusanyaji, na unaowakusanya ni wenzako.

Kisheria pia si mahali pazuri pa kusimama. Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya 1999 inataka wakala binafsi wa ajira awe amesajiliwa. Mwanafunzi anayekusanya maombi, anayachuja na kupokea malipo anaanza kufanana na wakala asiye na usajili, hata kama fulana yake imeandikwa "balozi". Kimataifa, Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997, kwenye kifungu cha 7, umeweka kanuni kwamba mawakala binafsi wa ajira wasiwatoze watafuta kazi ada, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira kinachoshughulikia utarajali wa wahitimu, haimtozi mwombaji. Na taasisi ya umma ikiwa na malipo yoyote halali, inatoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wote tunaiita kontroo namba. Haikuelekezi kutuma kwenye simu ya balozi.

Fikiria pia jambo dogo la simu. Mwenzako anapotuma elfu ishirini kwenye namba yako, ujumbe wa uthibitisho unaotokea kwake unaonyesha jina lako kamili, kiasi na saa. Kampuni haimo kwenye ujumbe huo. Programu ikija kuonekana ni hewa, hiyo ndiyo picha itakayozunguka kwenye makundi yote ya chuo, na ndiyo atakayoipeleka polisi, ambako kuna maneno yaliyozoeleka sana: kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Kueleza kwamba wewe ulizituma Dar zote ukabaki na 5,000 tu ni maelezo marefu kuyatoa kituoni.

Hapa ofa ya posho haina kinga ya asili, nisije nikaisifu kupita kiasi. Kampuni mbaya inaweza kukulipa posho na bado ikakutuma ukusanye ada. Lakini anayelipwa posho anaweza kugoma kupokea hela na akaendelea kulipwa. Anayelipwa kwa kichwa akigoma, kazi imeisha.

Vyeti na taarifa za watu nazo zina sheria yake. Tangu 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotaka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana na zitunzwe salama. Balozi wa kichwa karibu kila mara anakuwa na orodha, kwa sababu bila orodha hana ushahidi wa vichwa vyake: majina, namba za simu, namba za NIDA, picha za vitambulisho, vyote kwenye simu iliyopasuka kioo na isiyo na nywila. Balozi wa posho hana haja na orodha hiyo, anaonyesha watu kiungo cha maombi basi. Ukilazimika kufanya kazi ya kichwa, kuna njia safi: kampuni ikupe msimbo wako, mwombaji auandike mwenyewe kwenye fomu yao, vichwa vihesabiwe kwao. Ukiona wanakataa hilo na wanasisitiza uwatumie majina na namba kwa WhatsApp, inawezekana majina ndiyo bidhaa wanayoitafuta.

Kwa wale wa Bugando wanaosomea udaktari niongeze kwa ufupi: utarajali wa udaktari baada ya masomo unapangwa na Wizara ya Afya. Balozi anayekuambia ana njia ya kukupangia hospitali unayoitaka, msikilize kwa adabu kisha endelea na safari yako.

Suala la CR, yaani mwakilishi wa darasa, nimeliona likivuruga madarasa. Kampuni zinawapenda maCR kwa sababu wana kundi la darasa zima mkononi. Lakini kundi lile liliundwa kwa ajili ya ratiba, majaribio na matangazo ya walimu. Mtu hawezi kulizima kama anavyozima kundi la soka. Tangazo la kulipwa likipita humo kwa jina la CR linasomeka kama limetoka idarani. Kama wewe ni CR au uko serikali ya wanafunzi, ofa ya kichwa ikatae moja kwa moja. Ya posho unaweza kuipokea kwa sharti kwamba tangazo unalipeleka kwanza kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo au ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, wakikubali walitoe wao. Nembo ya chuo usiiweke kwenye bango lolote. Chuo hakijakutuma.

Je, kuna mahali kichwa kinashinda? Papo. Kama unataka kazi za mauzo, mtu wa mauzo anapimwa kwa namba, na kwenye usaili ukisema ulileta watu arobaini na thelathini wakaripoti, umejieleza kwa lugha wanayoielewa. Pia kama malipo ni kwa kila anayehudhuria kikao cha maelezo, si kwa kila anayejiunga, msukumo wa kudanganya unapungua sana, maana mtu anakuja, anasikiliza, anaamua mwenyewe. Ikiwa kampuni ndiyo inayolipa, mwanafunzi hatoi hata mia, na kuna ukomo wa malipo, sioni kosa. Kwa kazi nyingine zote, posho inakupa cha kusimulia chenye uzito zaidi: niliendesha vikao, nilijibu maswali, niliona tangazo lina kasoro likarekebishwa.

Ofa ya cheti tu ni nzuri kwa mwaka wa kwanza asiye na fildi mwaka huu na anayetaka kuzoea kusimama mbele za watu. Waulize nani atasaini cheti na kitasema ulifanya nini. Ikifika mahali wanakutaka kila siku ya wiki, hiyo ni ajira, na ajira ina mshahara.

Kitu kingine cha kupima ni nani anabaki programu ikiharibika. Haihitaji hata utapeli. Kampuni inaahirisha, msimamizi anahama, nafasi zilizotangazwa kumi na tano zinakuwa sita. Ofisi yao iko mbali, simu zao zinaita hazipokelewi. Wewe uko Malimbe, unapanga foleni ya chakula na watu walewale. Mchuma janga hula na wa kwao. Balozi aliyeandika "hawajaahidi" anaweza kutuma ujumbe wa kusema mambo yamebadilika na watu wakamwelewa. Aliyeandika "posho nono" hana pa kuanzia.

Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo kwa yeyote kati yao, omba barua. Iwe na jina la kampuni lililosajiliwa, ofisi yake ilipo, mtu unayewajibika kwake, kiasi na tarehe ya malipo, nani analipia bando na nauli, na sentensi inayosema balozi hapokei fedha wala maombi kwa niaba ya kampuni. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito. Kampuni safi itaiandika bila kuuliza, kwa sababu inawalinda na wao. Inayokujibu "mdogo wangu, hayo ni mambo ya kuaminiana" ipe mkono wa kwaheri. Jina la kampuni kalitafute BRELA, wanakosajili kampuni, kisha nenda ofisini kwao ukaione kwa macho. Kama wanasema wako Rock City Mall, kufika huko hakutakufilisi.

Na kama wewe mwenyewe ni mwaka wa pili au wa tatu na fildi yako bado haijakaa sawa, ofa zote mbili ziweke kando kwa wiki moja. Chukua barua ya utambulisho, toa nakala mbili mbili, pita Halmashauri ya Jiji, pita Manispaa ya Ilemela, pita mamlaka ya maji. Masijala wanabaki na moja, nyingine wanakugongea mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala yenye mhuri ndiyo utakayorudi nayo kuulizia majibu, maana ukirudi mikono mitupu wataanza kukutafuta kwenye daftari. Wanaotafuta mabalozi watakuwa bado wapo wiki ijayo; fulana wanazo nyingi.